Mchonga Mwiko na Mkono Wake: Historia Fupi ya Kukereza, toka Pwani hata Ngokolo

Wahenga wetu wamesema: mchonga mwiko hukimbiza mkono wake. Methali hii twaitia katika tungo zetu, katika nasaha za harusi na katika maneno ya siasa, na aghalabu tunapoitia huwa hatumfikirii mchongaji wala huo mwiko. Tumekwisha kuifanya onyo la jumla, kwamba mwenye kushughulika na jambo la hatari na ajihadhari nalo. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo hata mwaka 2019, iliponirudia methali hii ikiwa na maana yake ya kwanza, na ikiwa na damu.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyehamia bara zamani akafanya maskani Ngokolo, mjini Shinyanga. Huko anafanya useremala. Mwaka huo alinunua mashine ya kukerezea iliyokwisha kutumika, yenye mota ya umeme, akitaka kukereza miguu ya vitanda na meza, na pakipatikana nafasi akereze mabakuli ya mti. Pamoja na mashine alipewa kijitabu cha Kiingereza, naye akakiweka juu ya kabati. Wiki ya tatu alikuwa akikereza bakuli la mninga, mikono imo ndani ya glavu za ngozi, kwani aliamini kuwa mtu mwangalifu huvaa glavu. Mti ukaidaka glavu, na glavu ikauvuta mkono. Siku ile alipoteza kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, tangu pingili ya pili.

Alipopona akanipigia simu. "Shikamoo, mjomba." Nikamwitikia marahaba, nikampa pole. "Mjomba," akasema, "wewe ni mtu wa kufasiri. Nitakuletea kitabu unifasirie. Hapa nina vijana wawili nawafundisha, na Kiingereza chao ni kama changu."

Kitabu kilinifikia Unguja kwa mkono wa msafiri. Katika ukurasa wa tatu niliikuta sentensi moja fupi, isiyotimia hata mstari mmoja, ikimkataza mtu kuvaa glavu mbele ya mti unaozunguka. Nikaitazama kwa muda mrefu. Nimefasiri mashairi ya watu wa mbali, nikalala macho kwa ajili ya kina kimoja, lakini sikupata kukutana na sentensi ambayo kukosekana kwake katika lugha yetu kumegharimu kidole cha mtu.

Nikadhani kuwa kazi ile ingekwisha kwa juma moja. Haikwisha. Kila ukurasa ulinionyesha ufukara wangu: sikuwa na neno la sehemu hii ya patasi, wala la namna ile ya kuukabili mti. Ndipo nikaenda kuwatafuta wazee wenye ujuzi wa kazi hiyo, na kusoma yaliyoandikwa juu ya samani za pwani. Haya nisemayo hapa ndiyo niliyoyaokota katika safari hiyo.

Naanza na neno lenyewe. Kukereza ni kuuzungusha mti na kuukata kwa patasi ili uwe mviringo. Chombo chake ni kerezo, au keezo, na mwenye kazi hiyo ni mkerezaji. Ni neno la pwani na ni la zamani, na nilichelea kuwa bara halijulikani. Kumbe sivyo. Nilipofika Ngokolo kumtazama mpwa wangu, niliwasikia vijana wake, ambao mmoja wao hajapata kuiona bahari, wakiulizana: "Huu tumekwisha kuukereza?" Mashine ilikuwa ngeni na maneno ya kwenye kibati chake yalikuwa ya kigeni, lakini kitendo kilikuwa na jina letu. Neno lilikuwa limetangulia, likakaa likiingoja mashine. Ila lilikuja pekee, bila ya jamaa zake, yaani maneno yale mengine ya kazi yanayomfundisha mtu pa kuweka mkono.

Chombo cha kukerezea ni miongoni mwa vyombo vikongwe vya binadamu. Katika kaburi la Petosiris huko Misri, ambalo ni la karne ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mna picha iliyochongwa ukutani ikionyesha watu wawili kazini, mmoja akiuzungusha mti kwa kamba na mwenziwe ameukabili kwa patasi. Tangu huko, kwa namna mbalimbali, chombo hicho kilienea Bara Arabu, Uajemi na Bara Hindi, na watu wa Bahari ya Hindi wakakifanya chao. Kerezo la uta halina makuu. Ni vipande viwili vya mti vilivyosimama vikielekeana, kila kimoja kina ncha ya chuma, na kazi hubanwa baina ya ncha hizo mbili. Kamba ya uta huzungushwa mara moja kwenye mti; uta ukivutwa, mti huja mbele, na ukisukumwa, mti hurudi nyuma. Mkerezaji hukaa chini. Mkono mmoja huvuta uta na wa pili huishika patasi, na vidole vya mguu huikandamiza patasi isiyumbe. Patasi hukata pale mti unapomjia fundi tu, unaporudi, huilegeza. Kwa hiyo kazi yote ina pumzi mbili, ya kukata na ya kungoja, kama mshororo wenye ukwapi na utao.

Hapa pwani, kazi iliyotukuka zaidi ya wakerezaji ilikuwa ni miguu ya vitanda. Anayezuru Makumbusho ya Lamu, au nyumba za kale za visiwa vile, atakutana na vitanda vya ulili vyenye miguu iliyokerezwa pete juu ya pete, imepakwa nyekundu na nyeusi, na pengine manjano. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa katika karne ya 19 mji wa mafundi, wa seremala na washona viatu na wanakili wa vitabu, na sifa yake ilivuma mwambao mzima. Marehemu James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Lamu, ameandika juu ya viti na samani za Waswahili, na kutokana na kazi kama hizo twaweza kuona kuwa vitu hivi havikuwa vya kukalia na kulalia tu. Vilikuwa ni heshima ya nyumba, na kitanda cha bibi harusi kilikuwa ni maneno yaliyosemwa kwa mti.

Ile rangi nayo ni elimu kwa peke yake. Haikupakwa kwa brashi. Fundi alichukua kijiti cha lakiri iliyotiwa rangi, akakikandamiza juu ya mti ule unaozunguka, na joto la msuguano likaiyeyusha lakiri ikashika mtini, nyembamba na yenye kung'aa. Namna hiyo yajulikana pia Gujarat na Sindi, na ni dhahiri kuwa mafundi wa pande mbili za bahari walitazamana kazi. Lakini ndugu msomaji, usidhani kuwa wakerezaji walikuwa mafundi wa vitanda vya mabwana tu. Pia ya mtoto ilikerezwa. Msuruaki wa mtalawanda, kile kifundo kinachobanwa baina ya vidole vya mguu, ulikerezwa. Nchini kwetu hapakuwa na nyumba isiyokuwa na chembe ya kazi ya mkerezaji, ijapokuwa mwenye nyumba hakulijua jina lake.

Mzee mmoja wa Ng'ambo, aliyejifunza kukereza kwa uta alipokuwa mtoto, alinieleza jambo ambalo sikulikuta katika kitabu chochote. Nilimuuliza kama kazi ile ilikuwa na ajali nyingi. Akacheka. "Uta una huruma," akasema. "Patasi ikinasa, kamba inateleza, mti unasimama. Unajikuna, unaendelea. Mota haijui kuwa imekunasa."

Nimeyapima maneno hayo nikayaona kuwa ndiyo kiini cha historia yote ya kazi hii. Kwa muda wa karne nyingi, nguvu iliyouzungusha mti ilikuwa ni nguvu ya mkono ule ule ulioukata. Mkerezaji hakuweza kuupa mti mwendo kuliko alionao mwenyewe. Akichoka, mti nao umechoka. Akishituka, uta umeachiliwa. Hadhari haikuhitaji kuandikwa kwa sababu ilikuwa imo ndani ya chombo. Mwanafunzi aliketi kando ya fundi mwaka na miaka, akikusanya maranda na kunoa patasi, na yale asiyoambiwa aliyaona. Kisha ikaja nguvu isiyochoka wala kushituka. Nguvu hiyo ilipokuja, wenye ujuzi walikuwa wamekwisha kupungua: vitanda vya chuma vilishika nafasi ya ulili, mabakuli ya bati na baadaye ya plastiki yakashika nafasi ya vyombo vya mti, na Mapinduzi ya 1964 yalipokwisha kuugeuza mji wetu, wengi katika waliokuwa wakiagiza kazi za aina ile hawakuwapo tena. Mota na fundi mkongwe, isipokuwa kwa nadra, hawakuonana. Huo ndio mwanya alioangukia mpwa wangu.

Sasa natuhamie bara. Usukumani watu walikuwa na vyombo vya mti kabla ya kerezo lolote, lakini walivitoa kwa tezo na kisu. Anayezuru Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, yaliyoasisiwa na Padre David Clement, ataona viti vya watemi na ngoma zilizotolewa katika gogo moja. Mchonga kwa tezo hukigeuza chombo. Mkereza huacha mti ujigeuze. Hizo ni akili mbili, na hakuna iliyo bora kuliko mwenziwe. Kwa tezo huweza kupata kiti chenye miguu mitatu iliyopindana. Kwa kerezo hukipati. Kwa kerezo hupata bakuli lenye ukingo sawa pande zote kama mwezi kumi na nne. Kwa tezo utalikaribia tu.

Mambo ya pwani yalifika huko kwanza kwa misafara ya karne ya 19 iliyopitia Unyanyembe, kisha kwa reli, ile njia itokayo Tabora iliyofika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, si mbali na mji, na eneo lile likavuta mafundi wa kila namna. Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya karakana, na seremala aliyepanda treni hakuacha nyumbani maneno yake. Sina shaka kuwa ndivyo neno kukereza lilivyofika Ngokolo, kata yenye soko na karakana zake, na Kanisa Kuu la Wakatoliki, ambako hivi leo mbao za mninga hupasuliwa mchana kutwa.

Lakini nchi hiyo iliyopokea neno la kukereza ilikuwa yenyewe inapoteza miti. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka misitu ya Shinyanga kwa ajili ya kupambana na mbung'o. Pakafuatia mashamba ya pamba, ng'ombe wengi, kuni na mkaa, na kuhamishwa kwa watu katika vijiji miaka ya 1970. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliizuru Shinyanga akasikitishwa na hali aliyoiona, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu wote waliujua kwa jina la HASHI. Nitaurudia mradi huo hapo mbele, kwani una somo ambalo sikulitarajia.

Kwanza nirudi kwenye kijitabu. Nilikichukua hadi Ngokolo, nikakaa na mpwa wangu siku tisa. Yeye akawasha mashine, nami nikatazama. Nikasoma sentensi, naye akanionyesha kitendo chake. Kisha tukatafuta maneno. Nikagundua kuwa siwezi kufasiri kazi ambayo sijaielewa, na kwamba ustadi na usalama, ambavyo kitabu kiliviweka katika milango miwili, kwa fundi ni kitu kimoja.

Chukua habari ya mwendo. Bakuli lenye upana wa sentimita 30, likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu mita 16 kwa kila sekunde. Hizo ni zaidi ya kilomita 56 kwa saa, mwendo wa basi lililotoka mjini. Basi hilo limo katika nafasi ya kifua chako. Kipande cha gogo ambacho hakijawa mviringo ni kizito upande mmoja, kikipewa mwendo huo hutikisa mashine nzima, na kama kina ufa kitapasuka. Kwa hiyo gogo huanzwa kwa mwendo wa chini kabisa, na mwendo huongezwa kadiri mti unavyozidi kuwa sawa. Kabla ya kuwasha, fundi huuzungusha mti kwa mkono mzunguko mzima, apate kuhakikisha kuwa haugusi popote. Anapowasha husimama kando, si mbele ya mti, kwani kama utaruka, utaruka kwa upande huo. Egemeo la patasi huwekwa karibu na mti, na likitakiwa kusogezwa mashine husimamishwa kwanza. Mikono ya kanzu, kilemba, mnyororo wa shingoni, nywele zilizoachwa, na hizo glavu, vyote ni kamba ambazo mtu amejifunga mwenyewe na mwisho wake ameukabidhi mota.

Kisha chukua habari ya nyuzi za mti. Mguu wa kitanda hukerezwa nyuzi zikiwa zimelala kwa urefu wake, na patasi hukutana nazo kwa namna moja daima. Bakuli ni jambo jingine, kwani nyuzi zake zimekingama, na katika kila mzunguko patasi hukutana mara mbili na ubavu wa nyuzi na mara mbili na vichwa vyake. Ndiyo maana nje ya bakuli hukatwa kutoka kitakoni kwenda ukingoni, na ndani hukatwa kutoka ukingoni kwenda kitovuni, ili kila uzi unaokatwa uwe na mwenziwe nyuma yake anayeushikilia. Ukienda kinyume, nyuzi hung'oka badala ya kukatika, na patasi hunasa. Mzee wa Ng'ambo aliniambia: "Mti una ndevu. Umnyoe, usimng'oe." Kijitabu kilitumia nusu ukurasa na michoro miwili kusema jambo hilo hilo.

Tukafika kwenye patasi yenye mdomo wa mviringo, ambayo mafundi wengine huiita bobari. Kitabu kilieleza kwamba ule mteremko ulio nyuma ya makali uanze kuugusa mti, na makali yafuate. Nilijaribu sentensi tano, zote zikawa nzito. Nikakumbuka alivyosema mzee akiwa ameshika uta wake wa mfano: "Patasi ilale kwanza, ndipo iamke." Nikaiandika hivyo. Kijana mdogo katika wale wawili aliisoma kwa sauti, akaiweka patasi juu ya egemeo, akailaza kwenye mti, kisha akanyanyua mkono wa nyuma kidogo kidogo. Randa likatoka refu kama utepe. Sikupata kuona ubeti wangu wowote ukifanya kazi kiasi hicho.

La mwisho ni vumbi, ambalo uta haukulitoa kwa wingi huo. Mti mbichi ukikatwa kwa patasi kali hutoa maranda. Mti mkavu ukipigwa msasa hutoa vumbi, na vumbi ni adui asiyetoa damu. Vumbi la mvule lajulikana kuwa huwasha ngozi na kubana kifua, na mwaka 1995 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliliweka vumbi la mbao katika vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo fundi mwenye akili hulikereza bakuli likiwa bichi, akaliacha nene, unene uwe kama sehemu moja ya kumi ya upana wake, akaliweka kivulini miezi kadhaa likauke na kujipinda litakavyo, kisha akalirudia mara ya pili. Huo ndio utaratibu wa kazi, na pia ni afya. Na anapopiga msasa hufunika pua na mdomo, na macho huyafunika daima.

Huenda msomaji akauliza: yote haya ya nini, ilhali bakuli la plastiki ni la bei ndogo? Nami namjibu kwa kisa cha watu wengine. Katika kijiji cha Bucklebury nchini Uingereza alikuwapo mkerezaji wa mabakuli aitwaye George Lailey, aliyetumia kerezo la mguu na mti wenye kunepa, lisilo na mota, na aliyeweza kulitoa bakuli ndani ya bakuli katika gogo moja. Alikufa mwaka 1958 bila ya kuacha mwanafunzi, na watu wakasema kazi imekwisha. Kerezo lake lilihifadhiwa katika makumbusho ya maisha ya shamba huko Reading. Miaka zaidi ya 30 baadaye, Robin Wood alikwenda kuzitazama zana hizo, akazipima, akahunzi patasi zake mwenyewe, akaharibu magogo mengi, na hatimaye akayatoa mabakuli. Ujuzi ule ulifufuliwa. Lakini tazama ulivyofufuliwa kwa taabu: ilimbidi mtu aviulize vyuma, kwa kuwa hakuna aliyeyauliza maneno ya Lailey yangali mdomoni mwake.

Na sasa nairudia HASHI. Mradi ule ulipoanza ulihimiza miche ipandwe, kama miradi mingi ya wakati ule. Jambo lililoleta mafanikio makubwa, hata hivyo, lilikuwa ni neno la Kisukuma: ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika, mifugo isiingie, nyasi na miti vipate kukua, kisha ikafunguliwa kiangazi kinapokaza. Desturi hiyo ilikuwa imekaribia kutoweka. Mwaka 1986 zilikuwa zimebaki hekta zipatazo 600 tu zilizojulikana. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikisiwa kuwa zimezidi 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wataalamu wameandika sababu nyingi, na zote ni za kweli. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa maneno, naongeza moja. Msukuma hakuwa na haja ya kufundishwa ngitili ni kitu gani. Miti ilikuwa imekwenda, desturi imedhoofika, lakini neno lilikuwa limebaki vinywani mwa wazee na ndani yake zimo kanuni zote: wapi pafungwe, lini pafunguliwe, na nani ahukumu ugomvi. Palipokuwa na neno, mti ulipata njia ya kurudi.

Nilipoyatafakari hayo katika basi la kurudi Dar es Salaam, niliona haya. Sisi wa pwani tunajisifu kwa utajiri wa lugha, na kweli tunao. Tuna maneno ya pete za mguu wa kitanda na ya kila kamba ya jahazi. Lakini tumeyaweka maneno hayo kama vyombo vya kabatini, ya kutazamwa na wageni na kutiwa katika utenzi pale kina kinapotuponyoka, huku Ngokolo kijana ameshika patasi anayahitaji ili arudi nyumbani na vidole vyake kumi. Wazee waliokereza kwa uta ni wachache mno, na hawatungoji. Kazi ya kuwauliza si ya mtaalamu wa makumbusho peke yake. Ni yetu sisi tupendao maneno, kwani wengine watayapima makerezo, lakini nani atakumbuka kuandika kwamba patasi hulala kwanza ndipo ikaamka?

Tafsiri ile ilipomalizika ilikuwa na kurasa 22. Mpwa wangu aliichapa, akaibandika ukutani kwa vipande mbele ya mashine, na juu kabisa, kwa kalamu nene, akaandika methali ambayo sikumwambia aiandike: Mchonga mwiko hukimbiza mkono wake. Nilimuuliza kwa nini ameichagua. Akaunyanyua mkono wa kushoto, akanionyesha. "Hii, mjomba," akasema, "niliijua tangu skuli. Sikujua kama inasema juu ya mwiko kweli."

Nami katika safari ile nilitunga beti hizi mbili, nikawaachia vijana wa Ngokolo kuwa ni ukumbusho, na nawaletea wasomaji wa jarida hili kuwa ni ombi:

Mkata mti kumbuka, usisahau mkono,
Chuma kinapozunguka, hakijui mapatano,
Ukiutii hakika, mti hutii maneno,
Neno lisipotamkwa, fundi hufa na ujuzi.

Miti ilipotoweka, neno lilibaki ndani,
Wasukuma wakaweka, ngitili zao shambani,
Nasi la kwetu kushika, tusilitupe jaani,
Neno lisipotamkwa, fundi hufa na ujuzi.